Muuza Pombe Naye ni Mlinzi wa Usalama Wetu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngojea nyumbani, mara nyingi ukurasa huu unawaonya juu ya mawe yanayoanguka, baruti, umeme, mikanda ya mashini na makamio makubwa. Leo tunataka kusema juu ya hatari moja isiyozaliwa mgodini. Inazaliwa jioni, katika baa za sité na katika nyumba zinazouza pombe, na asubuhi inaingia kazini ndani ya damu ya mtu. Watu wawili wanaweza kuizuia: yule anayekunywa na yule anayeuza. Kwa hiyo leo tunasema na wote wawili.

Pombe inakaa mwilini masaa mangapi?

Wafanyakazi wengi wanafikiri kwamba usingizi wa usiku unatosha kuondoa pombe. Wanajidanganya. Pombe inaondolewa na ini, na ini lina mwendo wake. Kwa mtu wa kawaida linaondoa karibu gramu 7 hadi 10 za alkooli kwa saa moja, basi. Kahawa hailiharakishi. Kuoga maji ya baridi hakuliharakishi. Hata kutapika hakuondoi pombe iliyokwisha kuingia katika damu. Mlevi aliyekunywa kahawa ni mlevi asiyesinzia, lakini bado ni mlevi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chupa kubwa ya centilita 72, yenye alkooli 5 kwa mia, ina karibu gramu 28 za alkooli. Ini linahitaji masaa 3 na nusu hivi kumaliza chupa moja. Kwa sababu miili haifanani, hesabu masaa 4, ndipo utakuwa salama zaidi.

Chukua mfano wa mtu anayeanza kunywa saa 12 ya jioni. Anakunywa chupa 4, anarudi nyumbani saa 4 ya usiku, analala vizuri. Chupa 4 mara masaa 4 ni masaa 16. Damu yake itakuwa safi saa 4 ya asubuhi. Lakini posti yake inaanza saa 12 ya asubuhi! Mtu huyu amelala, amenawa uso, amevaa kofia ya kazi, naye mwenyewe anaapa kwamba hakulewa. Lakini pombe ingali inafanya kazi ndani yake.

Tena, mwanamke na mtu mwenye mwili mdogo wanalewa upesi zaidi kwa kiasi kilekile. Na anayekunywa tumbo tupu, pombe inampanda haraka kuliko aliyekula bukari kwanza.

Nini kinaharibika?

Kabla miguu haijaanza kuyumba, akili imekwisha kupungua. Jicho linapima vibaya umbali. Mkono unachelewa. Na lililo baya zaidi, mtu anajiona hodari kuliko siku zote, naye anaacha kufuata masharti ya usalama.

Fikiri dereva wa kamio anayekwenda kilomita 36 kwa saa. Huo ni mwendo mdogo, lakini kila sekunde anapita metre 10. Mguu wake ukichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, kamio limekwisha kwenda metre 5 zaidi. Katika metre 5 wanaweza kusimama watu watatu. Kosa ni la mmoja, lakini wanaoumia ni wenzake.

Lutuku, bangi na vidonge

Bia angalau ina namba yake juu ya karatasi ya chupa. Lutuku haina karatasi. Kileo cha kutoneshwa kinaweza kuwa na alkooli 40 kwa mia au zaidi. Ikiwa ni hivyo, bilauri ndogo ya desilita 1 inapita chupa nzima ya bia. Mtu anasema, "Nilikunywa kidogo tu, bilauri tatu," kumbe amekunywa zaidi ya chupa tatu kubwa.

Tena kuna sumu. Wako watu wanaoongeza nguvu ya kileo kwa alkooli ya kiwandani iitwayo metanoli. Hiyo si ya kunywa hata kidogo. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumwua. Hatari yake ni kwamba dalili zinachelewa masaa mengi, hata siku nzima: kichwa kuuma, tumbo kuuma, kuona ukungu mbele ya macho, kuhema kwa nguvu. Ukiona hayo kwa mtu aliyekunywa jana, usiseme ni uchovu wa pombe. Mpeleke hospitali saa ileile, mwambie munganga alikunywa nini na wapi. Dawa iko, lakini inasaidia mtu aliyefika mapema. Na ninyi mnaotonesha, jihadharini pia na vyombo: radieta ya gari na mabomba yaliyounganishwa kwa risasi yanatia sumu ya risasi katika kileo.

Bangi, ambayo wengine wanaiita diamba, inaharibu kumbukumbu na kipimo cha wakati kwa masaa kadhaa, na mabaki yake yanaonekana katika mkojo kwa siku nyingi, hata majuma kwa mvutaji wa kila siku. Vidonge vya usingizi kama diazepamu, na vya maumivu kama tramadoli, vikichanganywa na pombe vinaweza kupunguza pumzi mpaka mtu asiamke tena. Kidonge alichopewa mwenzako na munganga si chako.

Wauzaji nao wanafundishwa

Katika nchi nyingine wamekwisha kufahamu kwamba kumfundisha mnywaji peke yake hakutoshi. Huko Australia, nchi ya migodi mikubwa, mtu anayehudumia katika baa anapaswa kufuata mafundisho ya kazi hiyo. Ni vivyo hivyo katika jimbo la Ontario, Kanada, ambako mji wa Sudbury unachimba nikeli na shaba kama sisi tunavyochimba shaba na kobalti. Si mafundisho ya miaka. Ni mambo machache ambayo hata hapa kwetu, Kolwezi, Likasi, Kipushi au Lubumbashi, kila mwenye baa na kila mama anayeuza nyumbani anaweza kuyafuata tangu leo.

La kwanza: jua kuhesabu. Acha chupa tupu juu ya meza mpaka mteja aondoke, ili wewe na yeye mwone hesabu. Usifungue chupa mpya kabla ile ya kwanza haijaisha.

La pili: jua dalili. Mteja anapandisha sauti, anarudia neno lilelile, anakosea kuhesabu franga zake, anagusa viti akipita. Hapo ndipo pa kusimamisha, usingoje aanguke.

La tatu: uliza swali moja tu, "Kesho unaingia kazi saa ngapi?" Mtu wa posti ya asubuhi asiketi kwako mpaka usiku. Na mtu aliyevaa nguo za kazi, anayekwenda kwenye posti, usimwuzie hata chupa moja.

La nne: weka chakula na maji ya kunywa karibu na pombe. Chakula kinapunguza haraka ya kulewa. Maji hayaondoi pombe, lakini anayekunywa maji anapumzisha mkono wake.

La tano: mtoto hauziwi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwita mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18. Hata akisema, "Baba ndiye amenituma," mrudishe mikono mitupu.

La sita: jua kukataa bila kutukana. Usimpigie kelele mbele ya watu. Mkaribie, sema pole pole: "Kaka, kwa leo inatosha. Karibu kesho, meza yako iko." Ikiwa ana pikipiki au gari, mwombe funguo, umwite mtu wa nyumbani kwake au rafiki asiyekunywa.

La saba: mtu aliyelala kwa pombe, asiyeamka ukimtikisa, asiachwe chali. Mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi, kaa naye, na uite msaada. Wako wasiouawa na pombe yenyewe, bali wanakufa kwa kusongwa na matapishi, huku wenzao wakisema, "Mwacheni alale."

"Nikikataa, atakwenda kwa jirani"

Tunajua neno hilo, nalo si la uongo. Tunajua pia kwamba mama wengi wanauza pombe kwa sababu ya karo ya shule na unga wa watoto. Hatuwaiti wabaya. Lakini fikiri: mteja aliyekatwa mguu hanunui tena, na mjane wake hawezi kulipa deni aliloliacha kwako. Deni lenyewe ni mtego. Ukimwuzia mtu kwa mkopo mpaka siku ya mshahara, unamfanya anywe feza asiyoiona, na siku ya mshahara ugomvi unaanza nyumbani kwake.

Dawa ya "atakwenda kwa jirani" ni moja: wauzaji wa mtaa mmoja wapatane. Wakutane, pamoja na mkubwa wa mtaa na wauguzi wa hospitali, wakubaliane saa ya kufunga, kutouza kwa mkopo, na kutompa pombe mtu aliyekataliwa mlango wa kwanza. Wakipatana wote, hakuna anayepoteza faida peke yake.

Na wewe mfanyakazi?

Usimwachie muuzaji mzigo wote. Kabla hujaketi, hesabu masaa yaliyobaki mpaka posti yako, ugawe kwa 4: hapo utajua mwisho wako. Ikiwa siku hiyo ni siku ya kazi, neno la usalama ni kutokunywa kabisa. Na usidhani kwamba chini ya hesabu hiyo pombe ni dawa: mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mama mwenye mimba asiionje, kwa sababu anachokunywa kinamfikia mtoto tumboni.

Ukiamka asubuhi na unajua hujawa safi, mwambie mkubwa wa kazi kabla ya kugusa mashini. Ni aibu ya siku moja. Kaburi ni la siku zote.

Na ikiwa huwezi tena kupitisha siku bila kunywa, huo ni ugonjwa. Shirika la Kazi la Ulimwengu, katika mwongozo wake wa mwaka 1996, lilishauri kwamba shida za pombe na madawa ya kulevya zitazamwe kama shida nyingine za afya, na siri ya mgonjwa ilindwe. Nenda kwa munganga kabla ajali haijakupeleka. Lakini sikia vizuri: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwako, hata kupatwa na kifafa. Aache akiwa mikononi mwa waganga.

Nanyi jamaa, msimfiche mgonjwa wala kumsemea uongo kazini kwamba ana malaria. Uongo huo unamnunulia siku moja, na unamrudisha mgodini na ugonjwa uleule.

Ndugu, jioni ya leo chupa ziko juu ya meza, na kesho mwenzako atasimama nyuma ya kamio lako. Hesabu kwa ajili yake. Nawe unayeuza, mhesabie yule aliyesahau kuhesabu. Tuingie kazini wazima, turudi nyumbani wazima.