MKUNAZI: TUNDA DOGO, FAIDA KUBWA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, unapotokea msiba mtaani mtu hutumwa mbio kutafuta majani ya mkunazi. Siku hizi huenda akazunguka sana, kwani mikunazi tumeikata. Tunda lake ni dogo, kiasi cha sentimita 2, na kokwa imechukua nafasi kubwa. Basi wengi huuona mti usio na faida.

MTI WENYEWE
Majani ya mkunazi ni ya kijani juu na meupe chini. Miiba yake mara nyingi huwa miwili miwili, mmoja umenyooka na wa pili umepinda kama ndoana. Mizizi huenda chini sana, ndiyo maana mti hustahamili ukame. Kunazi ina vitamini C kwa wingi. Huko Zimbabwe, ambako huitwa masau, watu huzikausha na kuzipikia uji.

KUNAZI NDOGO NA KUBWA
Nchini India wakulima wamechagua aina zenye matunda makubwa, kama Gola na Umran, ambazo kunazi zake hufikia sentimita 4. Lakini kokwa ya kunazi kubwa ikipandwa, mti unaoota huwa haufanani na mama yake kwa matunda. Kwa hiyo wakulima hubebesha jicho la mti wa kunazi kubwa juu ya mche wa mkunazi wa kienyeji. Kumbe ile kubwa inasimama juu ya mizizi ya ile ndogo!

MKUNAZI KATIKA DINI
Mkunazi umetajwa katika Qur'ani Tukufu ndani ya sura 3: Saba, An-Najm na Al-Waaqia. Katika Al-Waaqia tunaelezwa kuwa mikunazi ya Peponi haina miiba. Mikunazi ya Bara Arabu ni ndugu wa huu wetu.

Mtume (S.A.W.) alipofiwa na binti yake, aliwaamrisha wanawake wamwoshe mara 3, au 5, au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Majani hayo yakipondwa ndani ya maji hutoa povu na kusafisha kama sabuni.

Pia Imamu Abu Daud amepokea Hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Alipoulizwa maana yake, alieleza kuwa ni mkunazi wa nyikani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, mtu akaukata kwa dhulma bila ya haki.

TUFANYE NINI?
Tuipande. Chukua kokwa kavu, igonge taratibu mpaka gamba lipasuke bila ya kuiponda mbegu iliyomo, kisha uipande mbegu hiyo. Huota baada ya wiki 1 hivi, na kokwa nzima huweza kuchukua wiki 3 au 4. Na aliyenao uani, asiukate kwa sababu ya udogo wa tunda. Kila mmoja wetu ataoshwa siku moja, na majani yatatakiwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.