Bwana Mwema Angali Bwana

Mwanafalsafa Philip Pettit, mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu mwaka wa 1997 kuhusu uhuru, na yafaa wanafunzi wetu wa siasa wakipitie. Hoja yake kuu si ngumu. Mtumwa aliyejaliwa bwana mpole, asiyempiga wala kumnyima chakula, bado ni mtumwa. Kwani upole huo ni hiari ya bwana, na kesho akiamka na hamaki hakuna wa kumzuia. Kutoingiliwa pekee, basi, hakutoshi. Aliye huru ni yule asiyekuwa chini ya mtu awezaye kumwingilia apendavyo.

Je, mataifa nayo? Tulitazame Shirika la Fedha Duniani, lililobuniwa Bretton Woods mwaka wa 1944. Humo kura hupimwa kwa mchango, si kwa idadi ya vichwa. Maamuzi makubwa, kama kubadili mgao wa michango yenyewe, huhitaji asilimia 85. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16.5. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne ataifanya. Mwaka wa 2010 magavana wa shirika hilo waliidhinisha marekebisho ya kuzipa nchi zinazoinukia sauti zaidi. Yakangoja idhini ya Bunge la Marekani hadi Desemba 2015. Dunia nzima ilikalishwa barazani miaka mitano! (Kura ya turufu katika Baraza la Usalama tuiache, hiyo yajulikana.)

Yamkini msomaji atauliza: mbona Wakenya walifaidika? Ni kweli. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Wengi walishangilia, na sioni aibu kwa hilo, ingawa sifa zote tusiwape wafadhili: waliopigwa virungu siku ya Saba Saba, Julai 1990, walitangulia. Lakini wafadhili waliofunga mfereji kwa ajili ya demokrasia ndio, katika miaka hiyohiyo, walioshinikiza wagonjwa watozwe ada hospitalini na watumishi wa serikali wapunguzwe. Hakuna mpiga kura wa Kenya aliyeweza kuwahoji, si kwa lile jema wala kwa lile chungu.

Novemba 2024 Afrika kusini mwa Sahara ilipata kiti cha tatu kati ya 25 katika bodi ya shirika hilo. Kiti hicho hakikuiongezea kura hata moja, na mgao uliopo bado hauwezi kuguswa bila ridhaa ya Washington.