Ukunga si kazi ya kubahatisha: Kwa nini msichana huyu asome miaka minne?

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi huniletea maswali yasiyohusu ugonjwa. Mtoto mdogo ana kikohozi, naam, lakini mzazi akishaandikiwa dawa hubaki kitini na kuuliza: "Daktari, dada yake huyu amepata B na anataka kuwa mkunga. Je, ni lazima akae chuo kikuu miaka minne kwa kazi ambayo nyanya yangu aliifanya bila kujua kusoma?"

Swali hilo si la kipuuzi. Wakunga wa jadi wamepokea vizazi vingi vya Wakenya, na baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlipokewa na mikono yao. Mama wengi wakiachwa watulie, na aliye karibu nao awe msafi na mwenye subira, hujifungua salama. Shida ni yule mmoja ambaye mambo yatamharibikia, kwani aghalabu hajulikani mapema.

Chukua mfano wa kutokwa na damu baada ya kujifungua, ambako ni miongoni mwa mambo yanayoua kina mama wengi zaidi. Mimba inapokomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba hufikia zaidi ya nusu lita kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoibana ni misuli ya mji wa mimba inapojikaza. Misuli hiyo ikilegea, damu humwagika kama maji ya mfereji uliosahauliwa.

Lakini kuna jambo la hatari zaidi. Mwili wa mama kijana mwenye afya huficha hasara hiyo. Presha yake yaweza kusoma sawasawa ilhali amekwisha kupoteza damu nyingi. Kinachobadilika mapema ni mpigo wa moyo, ambao huanza kwenda mbio, na mikono, ambayo huanza kupoa. Mkunga aliyekaririshwa kutazama presha pekee ataandika kwenye faili kwamba hali ni nzuri. Aliyesomea jinsi moyo na mishipa inavyofanya kazi atashika mkono wa mama, ahesabu mpigo, na hatangoja. Atasugua tumbo ili mji wa mimba ujikaze, atatoa oksitosini na asidi ya traneksamiki, ataweka maji ya mishipani, atachunguza kama kuna kipande cha kondo kilichobaki au mahali palipochanika, na ataitisha gari la wagonjwa kabla mama hajazimia.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Badala ya kukadiria damu kwa macho, wahudumu walitandika chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo. Damu ilipofika kiwango cha hatari walimpa matibabu hayo yote kwa pamoja, pasipo kujaribu moja na kungojea. Visa vya kutokwa na damu vibaya sana, upasuaji na vifo vilivyotokana na damu hiyo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Hapakuwa na mashine ya mamilioni wala daktari bingwa kila kitandani. Palikuwa na mkunga anayejua anachokitazama.

Katika vituo vingi vya afya nchini, saa nane za usiku hakuna daktari wa kuitwa. Yupo mkunga, pengine na afisa wa kliniki aliye na foleni yake. Sisi madaktari tunapenda kusahau jambo hili. Mkunga huyo ndiye anayeamua kama uchungu umekwama, kama mpigo wa moyo wa mtoto umeshuka chini ya 110, kama maumivu ya kichwa ya mama ni uchovu tu au ni mwanzo wa kifafa cha mimba. Uamuzi kama huo hauwezi kuachiwa mtu aliyefundishwa kutii amri tu.

Takwimu zetu zinasema vivyo hivyo. Mwaka 2014 asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022 ilikuwa asilimia 82. Lakini vifo vya kina mama, vilivyokadiriwa kuwa 362 kwa kila watoto hai 100,000 katika utafiti wa 2014, vilikuwa bado 355 katika sensa ya 2019. Hesabu hizo zilifanywa kwa njia tofauti, lakini ujumbe wake hauna fumbo: tumewaleta kina mama hospitalini, sasa tutazame ni nani anayewapokea.

Hata hivyo, sitawadanganya wazazi kwamba shahada peke yake inatosha. Nimewaona wahitimu wenye maandishi mazuri ambao mikono hutetemeka mtoto anapotokeza bega. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga linataka angalau nusu ya mafunzo iwe ya vitendo, na hapo ndipo vyuo vyetu hutofautiana. Kabla ya kulipa karo, uliza wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, na ni wangapi wanaosimama mbele ya mama mmoja. Wakiwa kumi, hakuna anayejifunza, na mama mwenyewe anadhalilishwa. Jambo la kwanza kabisa ni kuthibitisha kwamba chuo na kozi vimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa sababu asiyepitia kozi iliyoidhinishwa hatafanya mtihani wa leseni, hata awe na cheti kilichopambwa kwa dhahabu.

Kuhusu njia zenyewe, hapa kwetu wengi husomea shahada ya uuguzi ambayo ndani yake mna ukunga, ingawa baadhi ya vyuo vikuu vimeanzisha shahada ya ukunga peke yake. Ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Alama ya chini ni C+, pamoja na masomo kama biolojia na kemia, lakini nafasi za vyuo vya umma hugombewa na wenye alama za juu kuliko hiyo. Mwenye C hajafungiwa mlango: kuna diploma ya takribani miaka mitatu, katika KMTC na vyuo vingine, kisha anaweza kujiendeleza hadi shahada akiwa kazini. Baadhi ya wakunga hodari ninaowajua walipitia huko.

Mzazi ajue pia kwamba ajira haingojei mlangoni. Baadhi ya wahitimu hukaa miezi kadhaa kabla ya kupangiwa kituo cha uanagenzi, na kaunti nyingi huajiri kwa kandarasi fupi. Weka akiba ya kipindi hicho, usihesabu karo tu.

Na wale wanaoniuliza kama mvulana anaweza kusomea kazi hii: anaweza. Wanaume wamo katika wodi za uzazi leo, na mwenye uchungu hana muda wa kuchagua. Atakachouliza ni kama anayemhudumia anajua kazi na ana ulimi mtamu.