MALKIA ELIZABETH WA PILI: MTU NA TAJI LAKE

Wazee wetu walimfahamu Malkia Elizabeth wa Pili kwanza katika fedha. Mtu aliyekata mkonge mwezi mzima, au aliyepakua shehena bandarini, alikwenda dirishani kwa karani, akatia kidole gumba katika wino, na alipohesabu ujira wake akaikuta sura ya mama yule kijana katika noti ya Afrika ya Mashariki, ametulia, kichwani kavaa taji. Wengi wao hawakumwona mahali pengine popote. Wala yeye hakuwaona.

Sisi tuandikao leo tulizaliwa baada ya noti hizo kufutwa. Hata hivyo twaona yafaa tumwangalie kwa utulivu mtu huyu aliyekaa katika kiti cha enzi miaka 70 na miezi saba, muda mrefu kupita mfalme yeyote wa Uingereza, tangu tarehe 6 Februari, 1952 mpaka 8 Septemba, 2022. Alipokufa, magazeti ya dunia yalijaa sifa nyingi, na kwa upande mwingine yalijaa laana. Sifa zilimtazama mtu, laana zilitazama taji. Kazi iliyo ngumu ni kuvitazama vyote viwili pamoja.

Hakuzaliwa kuwa Malkia. Alizaliwa London tarehe 21 Aprili, 1926, binti wa mdogo wa mrithi wa ufalme, na pengine angaliishi maisha ya starehe na farasi wake, asisikike sana. Lakini baba yake mkubwa, Mfalme Edward wa Nane, alikiacha kiti mwezi Desemba 1936 ili apate kumwoa mwanamke Mmarekani aliyekwisha kupewa talaka. Taji likamwangukia baba yake Elizabeth, na mtoto wa miaka kumi akawa mrithi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1945, aliingia katika jeshi la wanawake, akajifunza kuendesha malori na kutengeneza mitambo yake. Twalitaja jambo hilo kwa sababu ni haki yake: binti wa mfalme aliyepata kuchafua mikono yake kwa grisi si wa kila siku.

Sasa tuje kwetu, maana habari ya utawala wake ilianza kwetu. Mwanzoni mwa Februari 1952 yeye na mumewe, Philip, walikuwa Kenya, wakiwa njiani kwenda Australia kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa. Serikali ya koloni ilikuwa imewapa nyumba ya Sagana, karibu na Nyeri, iwe zawadi ya arusi yao. Usiku wa tarehe 5 walilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku ule ule Mfalme George wa Sita alifariki usingizini huko Sandringham. Habari ilimfikia binti yake mchana wa siku ya pili yake, wamekwisha kurudi Sagana. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, 1952, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Kenya. Msitu ule ule alimolala ukawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, na mwaka 1954 wakaichoma moto Treetops. Maelfu ya watu walitiwa kizuizini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi, 1959, watu kumi na mmoja waliokuwa kizuizini walipigwa mpaka wakafa.

Hapo ndipo wengine husema: Malkia alitawala tu, hakuendesha serikali. Ni kweli. Sheria ya Waingereza yataka Malkia afuate shauri la mawaziri wake, na hatuna ushahidi kwamba yeye aliamuru mtu apigwe fimbo. Lakini msomaji na afikiri hivi. Dedan Kimathi aliposhtakiwa Nyeri mwaka 1956, mshtaki katika hati ya kesi alikuwa Malkia. Kwa jina hilo alihukumiwa kufa, na tarehe 18 Februari, 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Jina lililotumiwa kumnyonga mtu haliwezi kuambiwa halikuwapo siku ile, likahesabiwa kuwapo siku za sherehe peke yake.

Kuna na habari ya jiwe. Mwezi Oktoba 1947, katika machimbo ya Mwadui, Shinyanga, ilionekana almasi ya rangi ya waridi, nayo ilikuwa na uzito wa karati 54 na nusu. Mwenye mgodi, Dr. John Williamson kutoka Kanada, akamzawadia Elizabeth kwa ajili ya arusi yake ya mwezi Novemba. Ilipokatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Malkia alilipenda sana pambo hilo, akalivaa katika siku zake kubwa, hata katika arusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Tumelitazama katika picha, nalo ni zuri, hatukatai. Ila jiwe linaitwa kwa jina la Williamson, na vibarua waliouchimba na kuuosha mchanga wa Mwadui hawatajwi popote penye sifa zake.

Vijana wengi hushangaa wakiambiwa kwamba Tanganyika huru ilikuwa na Malkia. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu 9 Desemba, 1961 mpaka 9 Desemba, 1962 Elizabeth alikuwa Malkia wa Tanganyika, na Sir Richard Turnbull alikaa mahali pake kwa cheo cha Gavana Mkuu. Mwaka ulipotimia nchi ikawa Jamhuri, na Mwalimu Nyerere akawa Rais. Uganda na Kenya nazo zilimwondoa kila moja mwaka mmoja baada ya uhuru wake. Hakukuwa na ugomvi. Alibaki Mkuu wa Jumuiya ya Madola, na mwezi Julai 1979 alipokuja Tanzania, akielekea mkutano wa Lusaka uliozungumza habari za Rhodesia, alipokewa kama mgeni wa heshima. Kwa jambo hili twampa sifa bila ya kinyongo: wapo wakubwa wengi wasioweza kukaa meza moja na watu waliokataa kutawaliwa nao. Yeye aliweza, na Novemba 1961 alikwenda Ghana, ijapokuwa kwao walimwonya juu ya hatari, akacheza dansi na Nkrumah.

Kwa wafanyakazi wa kwao wenyewe tutataja mahali pamoja tu. Tarehe 21 Oktoba, 1966, katika kijiji cha Aberfan, huko Wales, kilima cha taka za makaa ya mawe kiliporomoka juu ya shule. Watoto 116 na watu wazima 28 walikufa. Malkia hakufika mpaka siku ya nane, na kuchelewa huko alilaumiwa nako muda mrefu. Walakini alirudi Aberfan mara kadhaa katika maisha yake, na wazazi waliofiwa walimpokea. Kodi ya mapato alianza kuilipa mwaka 1993, baada ya watu kunung'unika walipoambiwa kwamba hazina ya nchi itagharimia matengenezo ya jumba la Windsor lililoungua. Mnung'uniko wa walipa kodi una nguvu kuliko watu wadhanivyo.

Mwezi Juni 2013 serikali yake ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya waliokuwa wamepata mateso katika miaka ya hali ya hatari, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Waziri wa Mambo ya Nje alisema serikali inasikitika. Malkia hakusema neno, na kwa desturi ya kwao hakutazamiwa kusema. Wazee wale walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 50.

Alifariki Balmoral akiwa na umri wa miaka 96, siku mbili baada ya kumpokea waziri mkuu wake wa kumi na tano. Wa kwanza wao, Churchill, alizaliwa mwaka 1874, na huyu wa mwisho mwaka 1975. Kenya ilitangaza siku nne za maombolezo. Mwanawe, Mfalme Charles, alipokuwa Nairobi tarehe 31 Oktoba, 2023, alisema kwamba mabaya yaliyotendwa hayana udhuru; hakuomba radhi. Nyumba ya Sagana ingali imesimama. Ilirudishwa kwa Serikali ya Kenya nchi ilipopata uhuru, na Rais wa Kenya huitumia awapo Nyeri.