Kanyagio Lililozama

Hivi karibuni nilimzuru shemeji yangu huko Kabianga, katika milima ya chai ya Kericho. Amehifadhi Datsun 240Z, gari la aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Asubuhi alinipakia twende mjini. Penye mteremko wa kwanza, kanyagio la breki likazama kama mguu topeni. Alilikanyaga mara tatu ndipo gari likasimama. Tukarudi kwa gia ya kwanza, kimya.

Nilikumbuka Londiani, kaunti hiyo hiyo, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori lililoacha njia liliua watu zaidi ya 50. Mteremko hausamehe.

Breki hufanya kazi kwa mafuta, nayo hayashindiliki, hewa hushindilika. Kanyagio likiwa laini, kisha likapanda ukilikanyaga tena na tena, yamkini hewa imeingia au breki za nyuma zimelegea. Likizama polepole chini ya mguu na hakuna mafuta yanayovuja nje, ishuku mipira ya silinda kuu. Tena mafuta haya hunyonya unyevu: ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mvuke wake hulegeza breki katikati ya mteremko.

Kutoa hewa bila kutafuta ilikoingilia ni kujidanganya. Sisi tulikuta gurudumu la nyuma kushoto limelowa: silinda yake inavuja. Tukaibadilisha kwanza.

Kisha tukaanza na gurudumu hilo hilo, maana ndilo la mbali zaidi na silinda kuu. Tulichomeka mpira mwembamba kwenye nipeli, ncha ya pili ikazama katika chupa yenye mafuta safi. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwenzake hufungua nipeli, mafuta yatoke, kisha huifunga. Hapo tu ndipo mguu huinuliwa. Rudieni hadi mapovu yaishe, mwende gurudumu lifuatalo. Kikopo cha juu kisikauke kamwe, wala mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Kanyagio likawa gumu, likasimama juu. Wanawe wawili walikuja mbio wakitaka kupanda. Baba yao akawazuia: alizunguka kwanza peke yake uwanjani, akisimama na kuondoka, mara kumi. Kisha akawafungulia mlango.