Umeme na Mazoezi Katika Tiba ya Uti wa Mgongo

Aliyeumia ugwe wa uti wa mgongo, miguu ikapooza na mwaka ukapita asiweze kutikisa hata kidole, kwa miaka mingi aliambiwa na matabibu ashukuru uhai wala asitaraji zaidi. Nao hawakusema kwa jeuri, bali kwa kadiri ya elimu waliyokuwa nayo.

Itikadi hiyo ilitikiswa mjini Louisville, Marekani, ambako Susan Harkema na wenzake walimpokea Rob Summers, kijana mcheza besiboli aliyegongwa na gari mwaka 2006 akapooza kuanzia kifuani. Muda wa miezi 26 walimfanyisha mazoezi ya kusimama na kukanyaga, mwili umetegemezwa kwa mikanda na miguu ikiongozwa kwa mikono ya watu, isipatikane natija. Ndipo, mwishoni mwa 2009, akapasuliwa na kutiwa elektrodi 16 juu ya utando unaoufunika ugwe, upande wa kiuno. Na umeme ulipowashwa akasimama akiubeba uzito wake, na baada ya miezi mingine ya mazoezi akavitikisa vidole vya miguu kwa hiari yake, umeme ukiwa ungali unapita.

Umeme huo hauisukumi miguu. Chini ya jeraha ugwe ungali hai, na mishipa yake ya fahamu ingali inaijua mizani ya hatua. Kilichoadimika ni amri ya ubongo. Umeme hafifu huuamsha ugwe huo mfano wa bawabu aliyesinzia, hata habari zipandazo kutoka nyayoni, na amri haba ipenyayo katika nyuzi chache zilizosalimika, zikasikika. Kumfundisha bawabu huyo upya ni kazi ya mazoezi, na ndiyo sababu wanaotaraji chombo pekee nawaona wamekosea njia.

Mwaka 2018, huko Lausanne, Uswisi, Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch waliupima umeme ufuatane na kila hatua, na baadhi ya wagonjwa wao wakabakiwa na mwendo hata ulipozimwa. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha chombo cha umeme kibandikwacho ngozini, bila upasuaji, kwa ajili ya mikono.

Picha za watu wakitembea husifiwa sana, nami sizidharau. Lakini kwa aliyeumia shingoni, ambaye shinikizo la damu humshuka akazimia kila aketishwapo, ninalolithamini zaidi ni kwamba umeme uo huo umeonekana kulituliza shinikizo hilo, akaweza kuketi na kuzungumza na jamaa zake.