Nguo ya Udongo

Mji wa Lubumbashi umejengwa katika nchi ya juu ya Katanga, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mahali penye barabara, masoko na nyumba zake leo, zamani palikuwa na mwitu. Mji ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville. Tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Leo watu wake wanapita milioni mbili.

Watu hao wote wanakula bukari na mboga. Karibu wote wanapika kwa makala. Na wengi wanaishi kwa kazi ya shaba. Chakula, makala na shaba, vyote vitatu hutoka katika udongo wa nchi. Kwa hiyo inafaa kuujua udongo huo: unaishije, unaumizwa na nini, na unaponaje.

1. Mwitu wa miombo

Mwitu unaozunguka Lubumbashi huitwa mwitu wa miombo. Miti yake haikusongamana kama ile ya msitu mkubwa wa kaskazini ya Kongo. Jua hupenya katikati ya matawi, na majani huota chini. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, majani ya miti hukauka na kuanguka. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua ya kwanza, miti huchipuka tena, na majani yake machanga ni mekundu. Mtu asiyejua hudhani kwamba mwitu unawaka moto.

Majani yaliyoanguka hayapotei. Hulala chini kama blanketi. Wadudu huyakatakata, na kuvu huyaozesha, mpaka yawe mbolea nyeusi. Mbolea hiyo ni chakula cha miti. Udongo wa Katanga, ukiuchimba chini, ni mwekundu na maskini. Sehemu kubwa ya utajiri wake imo katika tabaka jembamba la juu tu, lile lenye mizizi, majani yaliyooza na wadudu. Tabaka hilo likiondoka, kinachobaki hakiwezi kulisha mahindi wala mihogo.

Miombo ina rafiki chini ya ardhi. Ni kuvu, ambaye nyuzi zake ni nyembamba kuliko nywele. Nyuzi hizo hushikamana na mizizi ya mti na kuutafutia maji na chumvi za udongo. Mti nao humpa kuvu sukari inayotengenezwa na majani yake. Wakati wa mvua kuvu huyo hutoa uyoga, ule ambao akina mama huuza kando ya barabara. Mahali ambapo miombo yote imekatwa, uyoga wa namna hiyo hauoti tena.

Mchwa nao ni wafanya kazi wakubwa. Karibu na Lubumbashi kuna vichuguu vyenye urefu wa mita nane, na wataalamu wamegundua kwamba baadhi yake vilianza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini sana. Ndiyo sababu watu hufyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, na wakulima hupenda kupanda mboga juu yake.

2. Mvua na ardhi tupu

Kwa mwaka mmoja Lubumbashi hupata mvua ya milimeta 1,200 hivi. Kama maji yote hayo yangesimama mahali pamoja bila kukimbia, yangemfikia mtu mzima kifuani. Nayo huanguka karibu yote katika miezi michache, kuanzia wa kumi na moja mpaka wa tatu.

Mwituni, tone la mvua hupiga kwanza jani la mti. Kisha huanguka juu ya blanketi la majani makavu, na huingia ardhini polepole. Lakini penye ardhi tupu, kila tone hupiga udongo kama nyundo ndogo. Udongo husagika na kuziba matundu yake. Maji hayapati njia ya kuingia, basi hukimbia na kuchukua udongo wa juu. Leo ni mfereji mdogo kama kidole, kesho ni korongo la kumeza nyumba.

Kila mtoto anaweza kuyaona mambo haya shuleni. Chukueni makopo mawili yenye matundu chini, myajaze maji. La kwanza limwagieni juu ya udongo mtupu wenye mteremko. La pili limwagieni juu ya mteremko uliofunikwa kwa nyasi. Tazameni maji yanayofika chini. Ya kwanza ni mekundu kwa udongo. Ya pili ni safi, tena ni machache.

Basi majani, nyasi na mizizi ni nguo ya udongo. Udongo ukivuliwa nguo, huanza kufa.

3. Majeraha yasiyoletwa na mtu

Mwitu hauumizwi na mtu peke yake. Radi huchoma mti, upepo huangusha mwingine, na mwaka wa ukame miche hukauka. Tembo, walipokuwa wengi, walivunja matawi na kung'oa miti. Lakini majeraha hayo huwa hapa na pale, na kati yake mwitu hupata nafasi ya kupumzika. Mti ulioanguka huacha nafasi ya jua, na miche huinuka. Shina lililovunjika huchipuka tena kutoka katika mizizi yake, kwa maana miombo ina mizizi yenye nguvu.

Tena kuna mahali ambapo asili yenyewe imekataza miti kuota. Katika vilima vya Katanga vyenye shaba nyingi, shaba iliyomo udongoni huua mizizi ya miti. Juu ya vilima hivyo kuna nyasi na maua yaliyozoea sumu hiyo. Watu wa zamani walijua alama hiyo. Wakiona kilima kisicho na miti katikati ya mwitu, walijua kwamba shaba iko. Waliichimba, wakaiyeyusha katika matanuru ya udongo wa kichuguu, wakatengeneza misalaba ya shaba ambayo ilitumika kama fedha. Nyasi za vilima hivyo zitatajwa tena mbele.

4. Moto

Kila kiangazi moshi huonekana pande zote za Lubumbashi. Mmoja huwasha moto ili kusafisha shamba, mwingine ili kuwinda panya, mwingine bila sababu. Je, moto wote ni sawa?

Jibu la swali hilo lilitafutwa Ndola, mji wa ng'ambo ya mpaka, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Huko pia mwitu ni wa miombo. Kuanzia mwaka 1933 wataalamu walipima viwanja vya mwitu. Baadhi ya viwanja vilikingwa na moto kabisa. Vingine vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na maji. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi.

Matokeo yalionekana wazi. Mahali palipokingwa, miti iliongezeka na kusongamana. Mahali pa moto wa mapema, mwitu ulibaki. Lakini mahali pa moto wa mwisho wa kiangazi, miti mikubwa ya miombo ilikufa mmoja baada ya mwingine, na miche haikupata nafasi ya kukua. Mahali pake palishikwa na nyasi ndefu, na nyasi hizo zikauongezea moto wa mwaka uliofuata chakula. Moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali, tena huunguza blanketi la majani siku chache kabla ya mvua. Hivyo mvua ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ya nguvu, hukuta udongo uchi.

5. Shamba na makala

Wakulima wa zamani walikata miti, wakaichoma, wakapanda katika majivu. Baada ya miaka michache udongo ulichoka. Basi walihamia mahali pengine, wakauacha mwitu ujifunike tena. Miombo hutaka miaka 20 au 30, au zaidi, ili irudi. Watu walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa, kwa hiyo mapumziko hayo yaliwezekana.

Leo mji ni mkubwa na makala yanatakiwa kila siku. Mchoma makala hukata miti, huipanga, huifunika kwa nyasi na udongo, kisha huiwasha. Moto hula polepole ndani ya tanuru hilo kwa siku nyingi. Mara nyingi kilo 100 za kuni hazitoi hata kilo 20 za makala. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Kwa hiyo gunia moja linaloletwa kwa baisikeli hubeba ndani yake miti mingi kuliko macho yanavyoona.

Mchoma makala si mtu mbaya. Ana watoto wa kulisha, na watu wa mji hawana moto mwingine wa kuwatosha. Lakini kuna namna ya kukata. Shina likikatwa vizuri na kuachwa bila kuchomwa, huchipuka. Likichomwa kila mwaka, au likang'olewa, au likikatwa tena likiwa bado changa, hufa. Jeraha la kwanza mwitu hulivumilia. Jeraha lisilopewa muda wa kupona ndilo linaloua. Tena mbabula nzuri, inayotunza joto, hupika bukari ileile kwa makala machache.

6. Moshi wa shaba

Mwaka 1911 tanuru kubwa la kuyeyusha shaba lilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Dohani lake refu huonekana mpaka leo, pamoja na kilima cheusi cha makapi ya shaba. Tanuru hilo liliwapa watu wengi kazi, na mji ulikua kwa sababu yake. Lakini moshi wake ulikuwa na hewa kali ya kiberiti, pamoja na vumbi la shaba, kobalti, risasi na zinki.

Upepo wa Lubumbashi hutoka hasa kusini-mashariki. Kwa hiyo kwa miaka mingi moshi ulichukuliwa upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga. Huko miti ilikufa. Vumbi la metali liliingia udongoni, na miche haikuweza kuota. Nyasi zikapungua. Kisha mvua, ikikuta udongo uchi, ilichukua tabaka la juu, ikaacha ardhi ngumu. Katika miaka ya 1990 kazi ya tanuru ilipungua sana. Moshi ulipungua, lakini sumu haikuondoka udongoni. Jani huoza kwa mwaka mmoja au miwili, shaba haiozi.

Sumu hiyo haikai mbali na watu. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine nyingi mwilini kupita kawaida, na watoto zaidi ya watu wazima. Kwa nini watoto? Kwa sababu hucheza vumbini na kutia mikono mdomoni. Basi mtoto wa mahali hapo anawe mikono kabla ya kula, aoshe mboga vizuri, wala asicheze juu ya makapi ya migodi.

7. Kuuvika udongo tena

Je, ardhi ya Penga Penga imekufa kabisa? Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuiponya. Hawakuwa na njia ya kuitoa shaba yote udongoni. Walitaka kuufunika udongo tu, ili upepo usipeperushe vumbi na mvua isichukue sumu mpaka mtoni.

Walitafuta mmea usioogopa shaba, wakaukuta katika vilima vya shaba vilivyotajwa juu: ni nyasi fupi inayoitwa na wataalamu Microchloa altera. Walitia udongoni chokaa, ili shaba ishikwe isiingie sana katika mizizi. Walitia pia mbolea ya majani yaliyooza. Kisha wakapanda nyasi. Nyasi zikashika, zikafunika ardhi iliyokuwa uchi kwa miaka mingi.

Si mwitu uliorudi. Ni nyasi tu. Miti ya miombo, uyoga wake na mchwa wake bado wako mbali. Kuuponya udongo huo ni kazi ya miaka mingi, tena haijulikani kama utapona wote. Kwa hiyo ni afadhali kuutunza udongo ambao bado una nguo yake.

Hata mtoto anaweza kuanza nyumbani. Majani yaliyofagiliwa uani yasichomwe; yawekwe katika shimo yaoze, yawe mbolea ya bustani. Mteremko wa nyuma ya nyumba upandwe nyasi. Matuta ya viazi vitamu yakate mteremko, yasishuke nao, ili maji yasikimbie. Na anayewasha moto wa mwisho wa kiangazi aulizwe: mvua itakapokuja, itakuta nini juu ya udongo?

Maswali

1. Kwa nini udongo wa juu una faida kuliko udongo wa chini?
2. Tone la mvua hufanya nini mwituni, na hufanya nini penye ardhi tupu?
3. Viwanja vya Ndola vilionyesha nini juu ya moto?
4. Shina la muombo likatweje ili lichipuke tena?
5. Kwa nini miti ilikufa upande wa Penga Penga hasa?
6. Tazama karibu na nyumba yenu. Ni wapi ambapo udongo uko uchi? Mnaweza kuuvika nini?